Ukuta Kwanza, Nakshi Baadaye: Namna ya Kuipima Kazi ya Mwashi wa Kiromaneski

Wageni wengi wakishuka garini Kilpeck hukimbilia mlango wa kusini wa kanisa, simu tayari mkononi. Mjuzi wa uashi huupita mlango huo, akaenda kusimama upande usio na pambo. Nakshi inaweza kumpumbaza mtazamaji, lakini ukuta mtupu hauna pa kuficha kazi mbovu.

Kanisa hilo la Mtakatifu Maria na Mtakatifu David liko Herefordshire, Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Lilijengwa mnamo 1140 hivi kwa jiwe mchanga jekundu, kando ya ngome ya bwana wa eneo hilo, Hugh wa Kilpeck. Ni dogo: ukumbi wa waumini, kisha sehemu ya makasisi, kisha kibanda cha nusu duara upande wa mashariki, kila kimoja kikiwa chembamba kuliko kilichotangulia. Mtindo wake ni wa Kiromaneski, uliotawala Ulaya Magharibi takriban kati ya 1000 na 1200. Waingereza huuita wa Kinormani, kwa kuwa ulienea kwao baada ya uvamizi wa Wanormani wa 1066.

Cha kwanza kuangalia ni mahali mwashi alipotumia jiwe lake bora. Kuchonga jiwe hadi likae mraba ni kazi ya gharama, hivyo fundi mzuri wa kijijini hakulitawanya ovyo. Ukutani aliridhika na mawe yaliyonyooshwa kiasi. Penye pembe, fremu za madirisha na nguzo bapa zinazoupa ukuta nguvu ndipo alipoweka yaliyochongwa sawasawa. Pembe ya kaskazini-mashariki ya ukumbi wa Kilpeck inafaa kwa kulinganisha. Mawe yake hayakupangwa kwa utaratibu wa kuta nyingine, na wataalamu huiona kuwa mabaki ya kanisa lililotangulia ujio wa Wanormani.

Kisha matao. Tao la nusu duara husukuma uzito wake pembeni, ndiyo maana kuta za Kiromaneski ni nene na madirisha yake madogo. Kila jiwe la tao huchongwa kama kabari. Mtazamaji afuate kwa macho mistari ya maungio: katika kazi safi, yote huelekea kitovu kimoja na chokaa huwa na unene uleule juu na chini. Chokaa ikiwa nyembamba ndani ya tao na nene nje, kabari hazikuchongwa vizuri, na fundi amejazia pengo.

Chini ya ukingo wa paa kuna mawe yaliyochomoza, ambayo kazi yake ni kuubeba ukingo huo. Kilpeck imebakiwa na 85: sungura na mbwa, nguruwe, Mwanakondoo wa Mungu, na yule mwanamke maarufu anayeutanua uchi wake kwa mikono miwili. Wageni huyacheka, kisha huondoka. Kinachostahili kutazamwa zaidi ni jinsi mchongaji alivyobanwa. Kila mnyama ametoka katika jiwe dogo lenye umbo moja, linalotazamwa kutoka chini, mita kadhaa juu ya ardhi. Mbwa na sungura wamekatwa kwa mistari michache mizito: macho makubwa, masikio marefu, basi. Nywele moja moja zingepotea kabla ya kumfikia mtu aliyesimama majanini.

Ni baada ya hapo ndipo mjuzi huurudia mlango. Saa nzuri ni ile jua linapougusa ukuta kwa upande, kwa sababu mwanga wa mshazari hufichua kina cha tindo. Katika nguzo nyembamba kuna askari waliovaa suruali, wamenaswa ndani ya mizabibu. Mzabibu unapita juu ya mguu, kisha chini ya mkono, na unaweza kufuatwa kwa kidole bila kukatika. Fundi dhaifu huchora mistari juu ya jiwe. Huyu wa Kilpeck amekata hadi kitu kimoja kikawa mbele na kingine nyuma. Juu, mviringo wa nje wa tao umejaa viumbe ndani ya duara zilizoungwa kama mnyororo, na duara zinafuata mpindo wa tao bila kuvuruga mawe yanayolibeba.

Ubora wa jiwe nao hupimwa kwa miaka. Karakana iliyochonga Kilpeck, ambayo wanahistoria huiita Shule ya Herefordshire, ilifanya kazi pia Shobdon, kaskazini mwa mkoa huohuo. Kanisa la Shobdon lilibomolewa katika miaka ya 1750, na matao yake yakasimamishwa kilimani kama pambo la bustani, bila paa. Mvua na baridi kali vimeyala hadi sura nyingi hazitambuliki. Kwa hiyo, asilaumiwe mchongaji kabla ya kuulizwa jiwe lake lilikaa wapi.

Anayetaka kulizoesha jicho lake aende pia Eardisley, kisha Castle Frome, vijiji vya mkoa huohuo. Birika la ubatizo la Eardisley lina wanaume wawili wanaopigana kwa mkuki na upanga, na Kristo akimvuta mtu kwa mkono kutoka kuzimu. La Castle Frome limebebwa na watu waliochuchumaa, na ubatizo wa Yesu umechongwa pamoja na samaki majini. Yote mawili yalikaa ndani, chini ya paa, kwa hiyo alama za tindo husomeka kwa karibu kuliko juu ya mlango wowote. Katika yote mawili, mikunjo ya nguo ni mistari sambamba inayoufuata mwili, kama ile ya askari wa Kilpeck.