Jirani Asiyeandikwa Kwenye Faili

Faili lilikuwa juu ya meza ndogo kando ya kitanda, jalada la ngozi, kurasa kumi na mbili hivi zilizotiwa plastiki. Shangazi alikuwa ameshavua viatu na kujitupa kitandani. "Soma kwa sauti," akaniambia. "Nimelipa pesa nyingi, nataka hadithi yote."

Basi nikasoma. Ukurasa wa kwanza: nyumba ilijengwa miaka ya 1850 na mfanyabiashara wa pamba. Wa pili: taa ya vioo iliyoning'inia sebuleni ilitoka Ufaransa. Wa tatu: ukisikia mlango wa ghorofa ya juu ukijifunga usiku, usiogope, ni mtumishi wa zamani aliyefia humo, bado anapenda mambo yakae sawa. Wa nne: paswadi ya waifai. Wa tano: tafadhali usipige kelele baada ya saa nne usiku, na usiegeshe gari mbele ya nyumba ya jirani, kwa sababu majirani wamelalamika.

Shangazi akaketi. "Hebu rudia ule wa tatu."

Nikarudia.

"Mtumishi si hulipwa? Huyu alikuwa analipwa na nani?"

Tulikuwa Savannah, jimbo la Georgia, Kusini mwa Marekani. Shangazi anaishi Marietta, karibu na Atlanta, ambako Wakenya ni wengi kiasi kwamba unga wa ugali hausumbui kupata. Usiku analinda wazee wa watu. Kabla ya kusafiri alifanya kazi kwenye majumba ya Nairobi, ile kazi ambayo mtu hufikisha miaka thelathini na mitano na bado anaitwa msichana. Alipofika sitini watoto wake wakachanga naye akaongezea zake, ili alale siku mbili kwenye nyumba ya wageni ya kihistoria, zile ambazo mwenyewe anaishi humo humo na asubuhi anakupikia. Mimi nilikuwa nimemtembelea, nikabebwa kama mzigo. Mwendo wa saa nne na zaidi kwa gari.

Lakini lile faili lilinigusa kwa sababu nyingine. Tangu niache chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda, sehemu ya mkate wangu imetoka kwa kuandika mafaili kama hayo. Wenye nyumba za wageni kule Pwani hunitumia picha, nami naandika maneno. Najua ni nini huwekwa mbele na ni nini hufichwa nyuma ya paswadi. Kwa hiyo nataka kulisoma faili lile kama ninavyosoma kitabu, kando ya vitabu viwili vinavyouza na kuchunguza mji huo huo.

Cha kwanza kila mtu atakutajia. John Berendt alichapisha *Midnight in the Garden of Good and Evil* mwaka wa 1994. Ni kisa cha kweli: Jim Williams, muuzaji wa vitu vya kale, alimpiga risasi kijana ndani ya jumba lake, Mercer House, mwaka wa 1981, akashtakiwa mara nne kabla ya kuachiliwa. Kitabu ni kitamu, sitadanganya. Berendt alikaa mjini, akasikiliza umbea, akaelewa kwamba umbea ndio kumbukumbu ya majirani: nani alimnunulia nani piano, nani hasalimiani na nani. Hakuna mwandishi mwingine aliyenifanya nisikie baraza za mji ule vizuri hivyo.

Ila soma tena uangalie majumba. Yamepakwa rangi, yameokolewa, yamejaa fedha na zulia, na anayesifiwa ni aliyeyakarabati. Aliyeyajenga, aliyefua mashuka yake, utumwa wenyewe, hupita kwa mbali kama gari la mtaa wa pili. Faili letu lilikuwa mtoto wa kitabu hicho. Hata mpangilio ni ule ule: mwenye mali, samani, kisha kamzimu kidogo ka kukuchangamsha.

Kitabu kilipovuma, watalii walimiminika. Kwenye jalada lake kulikuwa na picha ya sanamu ya msichana aliyeshika mabakuli mawili. Sanamu hiyo ilisimama kwenye kaburi la familia moja huko Bonaventure. Watu walijaa pale kuiangalia na kuipiga picha mpaka mwaka wa 1997 ikabidi iondolewe, na leo iko makumbusho. Kwa hiyo wafu nao walipata shida ya majirani, na shida yao ilisikizwa haraka, kwa sababu kaburi lao lilikuwa na jina.

Jioni ile Shangazi aliketi barazani, nami nikavuka barabara kuomba radhi, maana gari letu lilikuwa limeegeshwa pale pale faili lilipokataza. Jirani alikuwa mzee wa Kizungu aliyevaa ndara. Hakuwa mkali. Aliniambia hana neno na mama mwenye nyumba yetu, kwa sababu anaishi pale, anamjua, na akiumwa atamletea supu. Shida yake ni milango mingine ya mtaa ule, yenye visanduku vya funguo vya namba. Wenye nyumba hizo wako miji mingine. Kila Ijumaa anasikia masanduku ya magurudumu yakigonga matofali, kila Jumapili yanarudi. "Zamani nikihitaji ngazi nilijua nigonge wapi," akasema. "Sasa nikianguka bafuni, atakayenisikia ni mgeni, na mgeni ataondoka saa tano asubuhi."

Nilimwelewa. Nimeona mambo hayo hayo Nairobi, kwenye magorofa ambayo nusu ya vyumba ni vya kukodisha kwa siku na mlinzi ndiye pekee anayejua sura za watu. Na malalamiko kama yake yalifika mbali. Mwaka wa 2017 baraza la mji wa Savannah liliweka kikomo kwa nyumba za kukodisha kwa muda mfupi ambazo mwenyewe hakai ndani: zisizidi asilimia 20 ya viwanja vya makazi katika kila wadi ya eneo la kihistoria. Unaweza kubishana kama kikomo hicho kinatosha. Lakini majirani walisema, na mji ukaandika sheria.

Asubuhi, baada ya kifungua kinywa ambacho Shangazi alikisifia hadharani na kukilalamikia chumbani, tulienda Owens-Thomas House. Jumba hilo lilikamilika mwaka wa 1819, na Lafayette, yule jenerali wa Kifaransa, alipotembelea Savannah mwaka wa 1825, alilala humo kwa sababu wakati huo lilikuwa nyumba ya wageni. Biashara hii si ya jana. Kwa miaka mingi wageni walioneshwa ngazi na dari za mbele. Mwaka wa 2018 makumbusho yaliongeza kwenye jina lenyewe makazi ya watumwa, na sasa ziara inakupitisha huko nyuma.

Huko nyuma kuna dari yenye rangi ya samawati iliyofifia. Waliotumikishwa pale waliipaka, na rangi hiyo inaaminika ilikuwa ya kuzuia mizimu isiingie. Shangazi alisimama, kichwa juu, kwa muda mrefu.

"Kumbe wao wenyewe walikuwa wanaogopa mizimu," akasema. "Halafu wamekuja kufanywa mizimu."

Sina uhakika ukosoaji wangu wote unaongeza mengi juu ya sentensi hiyo. Watu walipaka dari yao ili walale kwa amani, na vizazi vilivyofuata vimewageuza kuwa kile walichokuwa wakikifukuza, wafunge milango ya wageni bila malipo kama walivyofanya walipokuwa hai.

Kitabu cha pili kinasema hili kwa utaratibu. Tiya Miles, mwanahistoria, alitoa *Tales from the Haunted South* mwaka wa 2015. Alijiunga na matembezi ya mizimu Savannah, New Orleans na kwenye shamba moja la zamani Louisiana. Katika nyumba ya Sorrel-Weed alisimuliwa habari za Molly, msichana mtumwa aliyesemekana kufa humo. Akaenda kwenye nyaraka kumtafuta, na hakupata ushahidi wowote kwamba Molly huyo aliwahi kuishi. Ninachokipenda kwa Miles ni kwamba anakiri kisa kilimvuta kwanza. Hajifanyi mtakatifu. Anajua hadithi ya mzimu ina njaa ya kweli ndani yake, watu wanataka kuambiwa kwamba kuna jambo lilitokea hapa, lakini hulishwa kitu kitakachowaachia usingizi.

Nilichokikosa kwake ni mzee yule wa ndara. Miles anatazama wanaoongoza matembezi na wanaoyanunua. Nilitaka pia anayeishi kando yake, anayesikia kisa kile kile chini ya dirisha kila usiku, kwa sababu pale ndipo swali linakuwa gumu: ni nani ana haki ya kulalamika kama jirani? Faili letu lilijibu bila kukusudia. Anayelalamikia maegesho ni jirani. Anayefunga mlango ghorofa ya juu ni kiburudisho.

Wala si kwamba karatasi hazipo. Machi 1859, kwenye uwanja wa mbio za farasi nje kidogo ya Savannah, watu 436 waliwekwa mnadani kwa siku mbili kulipa madeni ya bwana mmoja, Pierce Butler. Orodha ya mnada ilichapishwa, ikiwa na majina na umri. Wauzaji waliandika majina kwa sababu mnunuzi alitaka kujua anachonunua. Faili linaloandika "mtumishi wa zamani" limeandika kidogo kuliko dalali.

Na mji unaweza kujifunza. Kulikuwa na kiwanja kilichoitwa kwa jina la John C. Calhoun, makamu wa rais aliyeutetea utumwa kama jambo jema. Wakaazi waliosema kwamba chini ya eneo lile wamezikwa watumwa walidai jina liondolewe. Liliondolewa mwaka wa 2022, na mwaka wa 2023 kiwanja kikapewa jina la Susie King Taylor, aliyezaliwa mtumwa, akasoma kwa siri mjini humo humo, akawa mwalimu na muuguzi wa wanajeshi Weusi. Tulipita hapo. Mtu alikuwa anatembeza mbwa. Hayo nayo yalikuwa malalamiko ya majirani, ila yalichelewa sana kupewa jina hilo.

Sasa niseme langu. Mwaka juzi niliandika maelezo ya nyumba moja ya mawe Lamu. Chumba cha chini, chenye ukuta mnene na kidirisha kimoja, nilikiita "chumba tulivu chenye historia". Nilijua. Mtu yeyote aliyewahi kusoma kidogo juu ya nyumba zile anajua ni nani aliyekuwa akilala chini, pamoja na ghala, wakati wenyewe wakilala juu kwenye upepo. Utumwa wa Pwani yetu ulipoteza nguvu ya kisheria mwaka wa 1907, si zamani za kale. Mwenye nyumba hakuniomba nifiche. Neno "historia" lilinijia lenyewe, laini, nikalipwa nikalipa nyumba.

Siku ya kuondoka, mama mwenye nyumba alituletea kitabu cha wageni. Shangazi aliandika kwa Kiswahili, herufi kubwa kubwa: jina lake, kijiji cha mama yake, chai ilikuwa nzuri. Kisha akaomba nimsaidie sentensi moja ya Kiingereza, akitaka iwe sahihi: yule wa ghorofa ya juu alikuwa anaitwa nani? Mama yule akasoma, akanyamaza, akasema atatafuta. Sijui kama ametafuta.

Nilipofika Nairobi nilimwandikia mteja wa Lamu, ambaye alikuwa ameomba maelezo yaboreshwe kabla ya msimu. Nilimuuliza swali lile lile kuhusu chumba cha chini. Akajibu kwamba wageni hawaji likizo kuhuzunika, na niendelee tu. Nimemwambia nitaandika vyote vingine isipokuwa hicho, mpaka tuulizane na wazee wa mtaa. Bado ana nusu ya malipo yangu, na bado hajajibu.