Juu ya Jina la Washington, na Kitabu Kilicholipeleka kwa Odin

Mwaka 1879 kilitokea mjini New York kitabu kikubwa cha Albert Welles juu ya nasaba ya jamaa ya Washington. Kichwa chake peke yake chatosha kumchosha msomaji, kwa kuwa chadai ya kwamba jamaa hiyo imetoka kwa Odin, mwanzilishi wa Skandinavia, mwaka 70 kabla ya Kristo, na ya kwamba tangu yeye hata Jenerali George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, vilipita vizazi 55 katika muda wa karne 18. Kitabu hiki kilikataliwa na wajuzi zamani. Hata hivyo nimeona vema kukirudia katika kurasa hizi, kwa sababu watu hukicheka kwa ajili ya Odin, na mimi naona Odin ni kosa lake dogo.

Tuwe na haki kwa mwandishi. Hesabu yake si ya kipuuzi: ukigawanya miaka 1800 kwa vizazi 55, kila kizazi chapata miaka 33 hivi, jambo ambalo mtu aweza kulikubali. Tena hakuwa wa kwanza kumfanya Odin kuwa babu. Beda, yule mtawa mwenye elimu, alipomaliza historia yake ya Kanisa la Waingereza mwaka 731, aliandika ya kwamba Hengist na Horsa walihesabiwa kuwa wajukuu wa mbali wa Woden, ambaye ndiye Odin kwa matamshi ya Waingereza wa kale, na ya kwamba wafalme wa majimbo mengi walijinasibisha naye. Na Snorri wa Iceland, katika karne ya 13, alimweleza Odin kuwa ni jumbe aliyehama kutoka Asia. Basi Welles alilikuta jambo hili vitabuni. Lakini Snorri aliandika baada ya miaka zaidi ya 1200 tangu mwaka ule wa 70, na kati yake na Odin hapana shahidi hata mmoja. Nasaba ya namna hii ni kamba ndefu isiyofungwa mahali po pote upande wa juu.

Sasa tutazame jina lenyewe, maana jina lina habari zake za kweli, na nazo ni nzuri kuliko hizo za kubuni. Washington ni mji wa kaskazini mwa Uingereza, karibu na mto Wear, katika nchi iliyokuwa chini ya Askofu wa Durham. Wajuzi wa Kiingereza cha kale hulipasua jina hilo vipande vitatu: mwanzo ni jina la mtu, Hwaesa au Wassa, katikati ni kipande chenye maana ya watu wake, mwisho ni neno la shamba au boma. Sisi tungesema, ‘shamba la akina Hwaesa’, na neno letu ‘akina’ lafanya kazi ile ile ya kipande cha katikati. Huyo Hwaesa hatumjui kwa neno jingine lo lote, wala jamaa ya Washington hawakuwa wazao wake. Walilipata jina kwa kukaa mahali, kama mtu wa Hadhramaut aitwavyo el-Hadhrami.

Shahidi wa jambo hili ni Kitabu cha Boldon cha mwaka 1183, nacho ni orodha ya mashamba ya Askofu wa Durham na malipo yake. Humo twasoma ya kuwa William wa Hertburn ana Washington, isipokuwa kanisa na ardhi ya kanisa, kwa kubadilishana na Hertburn. Naye hutoa pauni 4, na kwenda katika uwindaji mkubwa wa Askofu pamoja na mbwa wanne wa mbio. Hiyo ndiyo asili ya jina. William hakubadili damu yake, alibadilishana shamba, na jina likafuata. Lau Askofu angekataa, Rais wa kwanza wa Marekani labda angaliitwa George Hartburn.

Kutoka hapo jamaa walitawanyika. Tawi tulitakalo lilishuka mpaka Warton katika Lancashire, na kutoka huko Lawrence Washington akaenda Northampton, mji wa biashara ya sufu, akawa meya wake mwaka 1532 na tena mwaka 1545. Mwaka 1539 alinunua Sulgrave, mali iliyokuwa ya watawa kabla Mfalme Henry VIII hajawanyang’anya. (Wanaoizuru nyumba ile ya Sulgrave husifu mawe yake, ni wachache wanaokumbuka watawa.) Mwaka 1610 jamaa waliuza mali hiyo kwa ndugu yao Lawrence Makepeace, wakapungukiwa.

Hapa ndipo ilipoanza kazi ya wachunguzi, na makosa yao yatufaa sisi tunaotunza vitabu vya ubatizo na ndoa. Isaac Heard, mkuu wa afisi ya nembo na nasaba huko London, alimwandikia George Washington kumwuliza habari za wazee wake. Rais alimjibu mwezi wa Mei mwaka 1792 kwa adabu, akimweleza ya kuwa jambo hilo hakulishughulikia sana. Heard aliwakuta katika nasaba ya Sulgrave ndugu wawili, John na Lawrence. Akawajua pia ndugu wawili walioingia Virginia, John na Lawrence. Akasema ni wale wale. Waandishi wa Marekani waliomfuata walilipokea neno lake bila kulipima kwa muda wa miaka mingi.

Mwaka 1866 Joseph Chester, Mmarekani aliyekaa London, alilivunja neno hilo kwa ushahidi mwepesi sana. Yule John wa Sulgrave alikuwa Sir John, na John wa Virginia hakuitwa Sir hata mara moja. Yule Lawrence wa Sulgrave alikuwa kasisi, na Lawrence wa Virginia hakuwa kasisi. Chester alibomoa, asipate la kujenga. Miaka 23 baadaye, yaani 1889, Henry Waters alipata la kujenga: wale wawili wa Virginia walikuwa wana wa Lawrence kasisi, na Sir John alikuwa ami yao. Heard alikosa kwa kizazi kimoja tu. Na kosa hili twalielewa sana, sisi tuliozoea kuona jina la babu likimrudia mjukuu, hata katika daftari moja ukamkuta Juma bin Ali na Ali bin Juma na tena Juma bin Ali, usijue yupi ndiye aliyebatizwa au kuoa mwaka huo.

Waters alishinda kwa njia gani? Kwa vitabu vya mtaa wa Tring katika Hertfordshire, na kwa nyasia na hati za mirathi. Katika kitabu cha ubatizo cha Tring wameandikwa watoto wa kasisi Lawrence Washington: Lawrence mwaka 1635, Elizabeth mwaka 1636, William mwaka 1641. Mwaka 1656 hati ya kusimamia mali ya marehemu Amphillis, mke wa kasisi huyo, ilitolewa kwa mwana wake mkubwa, John. Wasia wa Andrew Knowling wa Tring wataja watoto hao hao, na kati yao Martha. Na John wa Virginia katika wasia wake amtaja dada yake Martha. Nyuzi hizi, kila moja peke yake ni nyembamba, lakini zikisokotwa pamoja hazikatiki.

Huyo kasisi Lawrence astahili maneno machache. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Brasenose huko Oxford, kisha akapata mtaa mzuri wa Purleigh katika Essex. Mwaka 1643, wakati wa vita ya Mfalme na Bunge, watu wa Bunge walimtoa, wakachapa shitaka ya kwamba alikuwa akishinda katika vilabu vya pombe na kuwavuta wengine. Baadaye alitunza mtaa maskini wa Little Braxted, akafa, akazikwa Maldon. Lakini kitabu kilichotoka mwaka 1714 juu ya mateso ya makasisi chaleta ushuhuda wa hakimu mmoja aliyemjua, ya kuwa alikuwa mtu mwema, mcha Mungu na mwenye kiasi. Yupi tumsadiki? Shitaka lilichapwa na adui zake siku za vita, na ushuhuda ulikuja umechelewa kutoka kwa rafiki. Mimi siamini kwamba lo lote katika hayo mawili lingekubaliwa na baraza ya haki bila shahidi wa tatu. Lililo yakini ni hili, ya kuwa kunyang’anywa mtaa kuliwaacha watoto maskini, na umaskini ulimfanya John awe baharia. Akafika Virginia katika jahazi ya biashara mwaka 1656 au 1657, akaoa Anne Pope, akabaki. John alimzaa Lawrence, Lawrence akamzaa Augustine, na Augustine akamzaa George, mwaka 1732.

Sasa narudi kwa Welles, na kwa kosa lililo kubwa kuliko Odin. Kitabu chake chote chasimama juu ya wazo moja, ya kuwa jina ni damu: ukifuata jina umefuata watu. Lakini George Washington hakuzaa mtoto. Na katika hesabu ya watu wa Marekani ya mwaka 2000, wenye jina la Washington walikuwa 163,036, na katika kila 100 wao, 90 hivi walikuwa watu weusi. Nasaba isiyoweza kueleza watu tisa katika kila kumi wenye jina si nasaba ya jina hilo. Wala Welles hawezi kusingizia ya kuwa alitangulia mambo hayo, maana utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, miaka 14 kabla ya kitabu chake.

Watu husema upesi, ‘Walichukua jina la bwana wao.’ Haikuwa hivyo siku zote. Herbert Gutman, katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya jamaa za watu weusi, alionyesha ya kuwa watumwa wengi walikuwa na majina ya ukoo ambayo si ya bwana wao wa mwisho, nao waliyatunza wao kwa wao. Kila jina lataka kuulizwa peke yake. Nitaleta mifano miwili.

Wa kwanza ni Booker Washington, aliyezaliwa mtumwa katika Virginia mwaka 1856. Ameeleza mwenyewe ya kuwa, alipoingia shule huko Malden baada ya uhuru, aliwasikia wenzake wakiitwa kwa majina mawili, naye alijua moja tu, Booker. Mwalimu alipomfikia, alijibu kwa utulivu, ‘Booker Washington.’ Baba yake wa kambo aliitwa Washington Ferguson, yaani Washington lilikuwa jina lake la kwanza. Kisha akajua ya kuwa mama yake alikwisha kumpa jina la pili, Taliaferro, akalirudisha katikati. Basi jina la mwanzilishi wa chuo cha Tuskegee halikutoka Durham kwa damu wala kwa shamba. Lilitoka kinywani mwa mtoto, likaingia katika daftari ya mwalimu.

Wa pili ni Harry, aliyezaliwa karibu na mto Gambia yapata mwaka 1740, akanunuliwa na George Washington mwaka 1763. Mwaka 1776 alitoroka akaenda kwa Waingereza. Mwaka 1783, majeshi yao yalipokuwa yakiondoka New York, makarani waliandika majina ya watu weusi waliokwenda nao. Na humo yumo Harry Washington, umri miaka 43, aliyekuwa mali ya Jenerali Washington, na kumwacha tangu miaka saba. Alikwenda Nova Scotia, na mwaka 1792 akavuka bahari pamoja na wengine kwenda Sierra Leone. Mwaka 1800 walowezi wa Freetown waliinuka juu ya serikali ya kampuni kwa sababu ya kodi ya ardhi. Harry alikuwa kati yao, akahukumiwa na kufukuzwa mpaka pwani ya Bullom, ng’ambo ya mto. Hivyo jina lililoanza kwa askofu na pauni 4 za shamba lilifika Afrika pamoja na mtu aliyekataa kulipa kodi ya shamba, na karani aliyeliandika mwaka 1783 aliandika pia umri wake na mwaka aliotoroka, habari ambazo Welles hakuweza kuzitoa kwa wengi wa wale wazee wake 55.