Gunia la Kilo Ngapi?

Mkulima wa Nakwa, pembeni mwa mji wa Babati, ukimuuliza shamba lake lilitoa nini msimu uliopita, atakujibu kwa magunia. Tani na hekta ni mambo ya ofisini. Tuseme basi mtafiti kijana amekusanya majibu ya namna hiyo kwa kaya nyingi, akazidisha kila gunia kwa kilo 100, akaandika makala nadhifu inayoonyesha kwamba kuchanganya mahindi na mbaazi kunalipa kuliko kupanda mahindi peke yake. Anaituma kwenye jarida la kitaaluma, mathalani lile la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Hapo makala inaingia mikononi mwa fundi, yaani mhakiki, ambaye jina lake msomaji hatalijua.

Mhariri huisoma kwanza aone kama inalihusu jarida lake. Ikimridhisha, huwapelekea wasomi wawili au watatu wa fani hiyo hiyo, wakati mwingine jina la mwandishi likiwa limefutwa. Wahakiki hao kwa kawaida hawalipwi. Huisoma usiku, baada ya kusahihisha mitihani ya wanafunzi wao, kisha hupendekeza: ikubaliwe, irekebishwe kidogo, irekebishwe sana, au ikataliwe. Wao wanashauri, anayeamua ni mhariri.

Mhakiki mvivu huandika mistari mitatu: lugha isafishwe, marejeo yaongezwe, basi. Mhakiki hodari hukwama kwenye jedwali la mavuno na kuuliza: gunia hili ni la kilo ngapi? Limeshonwa kawaida au ni lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi? Swali hilo moja linaitikisa makala nzima, kwa sababu lumbesa huzidi kilo 100, na kama baadhi ya wakulima walihesabu kwa lumbesa na wengine kwa gunia la kawaida, ulinganisho umekufa. Anaendelea. Je, mashamba ya kwenye miteremko ya Mlima Kwaraa yamewekwa kapu moja na ya bondeni karibu na Ziwa Babati, kana kwamba udongo ni ule ule? Mbaazi hubaki shambani muda mrefu baada ya mahindi kuvunwa. Zile zilizoliwa na mifugo iliyofuata mabua zimehesabiwa wapi? Na bei ni ya mwaka gani? Mwaka 2017 India ilibana uingizaji wa mbaazi na bei ya mkulima wetu ikaporomoka, hivyo faida iliyopigiwa hesabu kabla ya hapo haiwezi kusemea mwaka uliofuata.

Ninachokisifu katika maswali hayo ni kwamba hakuna hata moja la kumkomoa mwandishi. Kila moja linakuja na njia ya kutokea: kapime magunia kadhaa kwa mizani upate wastani, tenganisha mlima na bonde, taja mwaka wa bei. Makala ikirudi imenyooka, sifa zote zinakwenda kwa mwandishi, na fundi aliyeinyoosha hadai chochote.

Ufundi huu pia hauogopi jina. Mwaka 1936 Albert Einstein na Nathan Rosen walipeleka makala yao kwenye jarida la Physical Review, wakidai kwamba mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri, John Tate, akaipeleka kwa mhakiki, naye akaonyesha kasoro. Einstein alikasirika kwamba makala yake imeonyeshwa mtu mwingine kabla ya kuchapishwa, akaiondoa. Ilipotoka kwenye jarida jingine mwaka 1937, hitimisho lilikuwa limebadilika. Ilichukua takribani miaka 70 kuthibitishwa hadharani kwamba mhakiki yule alikuwa Howard Percy Robertson.

Hata hivyo mhakiki hatoi cheti cha ukweli. Erasto Mpemba, aliyeanza kujiuliza akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, kwa nini mchanganyiko wa moto wa aiskrimu uliwahi kuganda kuliko wa baridi, alichapisha makala pamoja na Denis Osborne katika Physics Education mwaka 1969. Mwaka 2016 watafiti wengine walichapisha vipimo vyao wakisema hawakuliona jambo hilo, na mjadala bado unaendelea. Uhakiki huhakikisha tu kwamba dai limeingia uwanjani likiwa na vipimo vyake, ili wengine waweze kulijaribu.

Uhakiki una maradhi yake pia. Pazia linaloficha jina la mhakiki humlinda mkweli, lakini humlinda na mwenye wivu, na mwenye kuikalia makala mwaka mzima. Kubwa zaidi kwetu ni hili: makala kuhusu mashamba ya Babati inaweza kuhakikiwa na watu ambao hawajawahi kuliona gunia la lumbesa. Takwimu watazikagua vizuri sana, na gunia litawapita.

Kwa hiyo msomi uliyekulia Manyara, Singida au Dodoma, barua ya mhariri ikikufikia, usiipuuze kwa kuwa haina posho. Ikubali, ifanye kwa wakati, andika maswali yanayojibika, na pale usipojua mwambie mhariri wazi. Usipouliza wewe gunia ni la kilo ngapi, hesabu itachapishwa hivyo hivyo, na mipango ya kilimo itapangwa juu yake.