Antena ya Mwanzi

Mawimbi ya FM hupenda njia iliyonyooka. Yakikuta kilima yanadhoofika, na yakifika bondeni paa la bati linayapunguza tena. Ndiyo maana katika vijiji vya wilaya za Kasulu na Kibondo, Titye kikiwemo, redio inayosema vizuri uani huanza kukoroma ikiwekwa sebuleni. Anayetaka Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, au stesheni za Burundi, hutafuta antena ya nje.

Wengi hudhani siri ni mti mrefu. Kimo kinasaidia, ila fundi mzuri huanza na hesabu. Anagawanya 300 kwa namba ya stesheni: FM 100 inampa wimbi la mita 3. Nusu yake ni mita 1.5, yaani vipande viwili vya waya wa shaba vya sentimita 75. Hapo bado anavipunguza hadi kama 71, kwa kuwa kwa wimbi, waya ni mrefu kidogo kuliko tepu inavyosema.

Kisha mtazame mikono. Anakwangua shaba kwa kisu mpaka ing'ae. Anamenya waya wa antena ya TV: uzi wa kati anauunga na kipande cha juu, wavu wa nje na cha chini, bila vipande hivyo kugusana. Viungo anavilehemu kwa risasi, anavizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, na antena yote anaifunga kwenye mwanzi. Waya ukikaribia dirisha, anauacha uning'inie chini ya tundu kabla ya kupanda na kuingia; maji ya mvua yanadondokea hapo, hayaufuati hadi ndani.

Redio ndogo haina tundu la antena, hivyo uzi wa kati unabanwa kwenye antena yake ya kuvuta, wavu kwenye hasi ya betri. Sasa mmoja yuko nje na mwanzi, mwingine ndani na sikio. "Geuza. Ulaze kidogo. Rudisha... hapo hapo!" Kuna stesheni zinazorusha mawimbi yaliyosimama na nyingine yaliyolala, na mwanzi sharti ufuate.

La mwisho ni radi, ambayo huku haina mzaha. Wingu likitanda, waya unachomolewa na kutolewa nje. Fundi anayeondoka bila kumfundisha mwenye nyumba hilo, hata redio ikishika namna gani, hajamaliza kazi.