Mishororo Mitatu Juu ya Hombolo

Ukisimama ukingoni mwa bwawa la Hombolo, Dodoma, siku isiyo na mawingu, ndege ya mbali utaijua kwa mstari mweupe inaouacha nyuma. Mwongoza ndege huijua kwa nukta kwenye skrini, na pembeni yake lebo ndogo. Lebo hiyo ni andiko. Tulisome kama andiko.

Mpangilio hutofautiana kati ya mtambo na mtambo, lakini mara nyingi ni mishororo miwili au mitatu. Kwanza jina: ATC na tarakimu, ikiwa ni Air Tanzania. Kisha kimo: 240, yaani futi 24,000, na kishale cha kupanda. Mwisho, kasi. Kitenzi hakuna; kishale ndicho kitenzi. Na njeo ni moja tu, ya sasa: rada ikizunguka, tarakimu mpya humeza ya zamani.

Stripu, ule ukanda wa karatasi wa waongoza ndege, ina fani nyingine. Kimo kikibadilika hakifutwi. Hukatwa kwa mstari, kipya kikaandikwa kando. Anayepokea zamu husoma msuko mzima: nani alizuiwa, nani alibadilishiwa kimo. Mkato wa kalamu ni uamuzi ulioacha alama, kama ule mstari mweupe juu ya bwawa.

Turudi kwenye skrini. Mradi wa rada nne za Tanzania uliziweka Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Uwanda wa Dodoma hutazamwa kutoka pembeni. Faida ni kubwa: mtambo hukokotoa njia za ndege mbili na kuonya kabla hazijakaribiana mno.

Lakini onyo nalo lina fani, na udhaifu wake ni kimya. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, ndege mbili ziligongana, watu 71 wakafa. Katika kituo cha Zurich kilichoziongoza, onyo la kwenye skrini halikuwa likifanya kazi kwa sababu ya matengenezo. Skrini isiyoonya kwa kuwa anga ni salama, na isiyoonya kwa kuwa imezimwa, husomeka sawasawa.

Kwa wepesi, lebo imeishinda stripu. Kwa uaminifu, bado. Mtambo bora ni ule utakaoonyesha mikato yake, na utakaosema wazi pale unaponyamaza.