Tumeletewa Mwalimu: Tahakiki ya Kauli za Wapenzi wa Kandanda Katubuka

Wahakiki wetu wamekuwa na desturi ya kuitafuta fasihi simulizi mahali pale pale siku zote: katika ngano zisimuliwazo kando ya moto, katika nyimbo za jando na za mavuno, katika vitendawili vya watoto. Hatuwalaumu, kwani hazina hiyo ni kubwa na bado haijakusanywa yote. Lakini yako maneno mengine ya umma, yasemwayo kila juma kwa ufundi na kwa uchungu, ambayo hatuyasikilizi kwa sababu twadhani ni kelele tu. Miongoni mwake ni maneno ya wapenzi wa kandanda pale timu yao ipatapo mwalimu mpya. Katika makala haya twataka kuyahakiki maneno hayo kama yasikikavyo Katubuka, mjini Kigoma, na kuuliza kama yanastahili kuitwa hukumu au ni porojo.

Katubuka ni kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Mvua zizidipo, bwawa lake hufurika na maji huingia majumbani hata watu wakalazimika kuhama. Atakayesema kwamba watu wenye mashaka ya namna hiyo hawana haja ya kujadili mwalimu wa mpira, huyo hajakaa nao. Mwaka 2023 timu ya Mashujaa, iliyokuwa ikimilikiwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania, iliishinda Mbeya City katika michezo ya mchujo na kupanda Ligi Kuu. Uwanja wa Lake Tanganyika ukapata sauti mpya. Aprili 2024 Simba yenyewe ilitolewa hapo katika Kombe la Shirikisho, kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya 1-1. Mji uliozoea kusikiliza habari za mpira wa Dar es Salaam redioni sasa ulikuwa na habari yake wenyewe ya kuwasimulia wengine.

Wakati huo timu ilikuwa chini ya mwalimu ambaye wapenzi wa kandanda humwita Bares. Mwaka 2025 aliondoka, na nafasi yake ikashikwa na Salum Mayanga. Hapo ndipo tulipoanza kuyatega masikio maneno ya watu, na neno la kwanza lililotugusa ni kitenzi kimoja: “tumeletewa”.

Tunawaomba walimu wa lugha wakipime kitenzi hiki pamoja na wanafunzi wao. Mpenzi wa Simba au wa Yanga, hata asiyepata kulipa ada ya uanachama maisha yake yote, husema “tumemleta” au “tumemfukuza”. Anajiweka mwenyewe katika nafasi ya mtenda. Klabu hizo mbili, moja ya mwaka 1935 na nyingine ya 1936, zilizaliwa na wanachama, na lugha ya wapenzi wake ingali inabeba dai hilo la umiliki, liwe la kweli au la kujipendekeza. Mtu wa Katubuka hasemi hivyo. Yeye husema “tumeletewa mwalimu”, kauli ya kutendewa, ambayo mtenda wake hatajwi. Yuko aliyeleta, yuko aliyeletwa, nasi ndio tulioletewa. Sarufi yake ni ya kweli kuliko ile ya mwenzake wa Dar es Salaam, kwa kuwa timu ilikuwa ya Jeshi na hakuna mkutano wa wanachama uliopata kumwuliza maoni yake.

Wapo watakaoona katika kauli hiyo unyonge. Sisi twaona humo historia. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na kukomea pale pale ziwani. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Kwa miaka mingi mji huu wa mwisho wa reli umepokea watu waliopangiwa: bwana steshini, mganga, hakimu, afisa elimu, mwalimu mkuu. Wengine walifika na kuipenda nchi, wakaoa, wakazikwa Ujiji. Wengine waliteremka garini wakiwa tayari wameandika barua ya kuomba uhamisho. (Wasomaji wetu walio walimu hawahitaji kuambiwa zaidi juu ya jambo hili.) Watu wa namna hiyo wakipokewa mara nyingi, wenyeji hujijengea ufundi wa kumpima mgeni. Mwalimu wa timu naye anapofika hupimwa kwa ufundi huo huo, wala si kwa ujuzi wa mpira peke yake.

Kwa hiyo maswali ya awali hayahusu mfumo wa uchezaji. Huwa ni maswali ya nasaba na ya safari: katokea wapi, kafundisha wapi, aliondokaje huko? Habari za Mayanga ziligeuzwa kuwa aina ya utenzi mfupi wa mdomo, kila msemaji akiongeza ubeti. Mmoja hukumbusha kwamba alikuwa mwalimu wa Taifa Stars mwaka 2017, na kwamba mwaka huo timu ilishika nafasi ya tatu katika Kombe la COSAFA baada ya kuitoa Afrika Kusini, waliokuwa wenyeji, katika robo fainali. Mwingine humjibu kwamba mwaka 2018 timu hiyo ya Taifa alikabidhiwa Emmanuel Amunike. Wa tatu hutaja Mtibwa Sugar. Hayo yote ni kweli. Kinachotupendeza ni namna ukweli huo unavyopangwa: sifa hutolewa kwanza, dosari hufuata, na hitimisho huachwa kwa msikilizaji. Ndivyo wafanyavyo malenga wanapolumbana, na hatuoni sababu ya kuunyima mpango huu heshima hiyo kwa kuwa tu unafanyika kibarazani penye harufu ya dagaa.

Yako pia majina mawili anayoitwa mtu huyu. Wengi humwita “mwalimu”, na vijana zaidi humwita “kocha”. Tumesikiliza kwa muda na twadhani maneno haya hayabadilishani bure. Mwenye matumaini husema mwalimu. Mwenye hasira husema kocha, tena mara nyingi huongeza “huyu” mbele yake. Hatudai kwamba ni kanuni. Hata hivyo, mtu huona ugumu kumtukana aliyemwita mwalimu, na neno la kigeni humsaidia kuuruka ugumu huo.

Baada ya kusifu, hatuna budi kusema pasipopendeza. Tahakiki ya Katubuka hudhoofika timu ifungwapo. Ghafla ule ufundi wa kuuliza hutoweka na mahali pake hushikwa na neno moja: hajui. Uchovu wa safari hausemwi, ingawa hakuna anayeujua urefu wa njia ya Kigoma kuliko wasemaji wenyewe. Majeruhi na uchache wa wachezaji wa akiba havisemwi. Kosa hili si la Kigoma tu. Patrick Aussems aliipa Simba ubingwa wa msimu wa 2018/19 na kuifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, naye akaondolewa Novemba mwaka huo huo wa 2019. Robertinho aliondoka Novemba 2023 mara tu baada ya Yanga kuifunga Simba 5-1, na hukumu ya mji mzima ilipitishwa usiku mmoja. Mtu wa Katubuka alikwisha kuyacheka mambo hayo ya Dar es Salaam. Inatusikitisha kumkuta akiyaiga, kwa kuwa yeye alikuwa na lugha bora zaidi.

Kwa nini twasema bora? Tuchukue mfano wa Usukumani. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na hadhira huenda kwa yule inayemwona bora. Anayeachwa peke yake ameshindwa. Hadhira hiyo huhukumu kwa miguu yake, lakini huhukumu baada ya kutazama. Ngoma za beni nazo, zilizotoka pwani zikaenea bara pamoja na askari na makarani, zilikuwa na vyeo, sare na mashindano makali ya Marini na Arinoti, na watu walijua kutofautisha kati ya kiongozi wa ngoma na siku mbaya ya ngoma. Huu ni urithi wetu wa kuhakiki. Mpenzi wa kandanda anaporukia “hajui” dakika ya ishirini ya mchezo wa kwanza, anautupa.

Lakini liko swali moja ambalo tumelisikia Katubuka na hatujalisikia kwingine, nalo halidhoofiki timu ishinde au ifungwe. Mechi ya kwanza ya mwalimu mpya ikiisha, na matokeo yakiwa yamekwisha kujulikana, mtu humgeukia jirani yake na kuuliza kwa sauti ya chini: amepanga nyumba, au bado analala hotelini?