M.A. ya Uskoti Si Uzamili: Uhakiki wa Tafsiri Moja

Makala hii inahakiki tafsiri ya herufi mbili tu, M.A., zinapotoka katika vyuo vikuu vikongwe vya Uskoti. Kosa ninalolihakiki limo katika maandishi mengi ya Kiswahili kuhusu maisha ya Mwalimu Julius Nyerere. Limo pia katika kadi mia mbili za mwaliko zilizotoka nyumbani kwetu Kisinga, na hizo niliziandika mimi mwenyewe.

Dada yangu, mzaliwa wa kwanza wa nyumba yetu, alipata ufadhili wa kusoma Uskoti. Alikaa huko miaka minne. Aliporudi, baba aliandaa sherehe ya shukrani. Baba hufanya biashara ya kahawa na watu wa Kasindi na Beni, ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe. Ndugu zetu tuliwaalika kwa Lhukonzo, lakini kwa wafanyabiashara wenzake ilibidi kadi iwe ya Kiswahili. Kazi hiyo nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye ninayesomea Kiswahili.

Nilitazama cheti cha dada. Kiliandikwa Master of Arts. Sikuwa na shaka hata kidogo, maana nilikuwa nimesoma mara nyingi kwamba Mwalimu Nyerere alipata "shahada ya uzamili" katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952. Kama Master ya Nyerere ni uzamili, na ya dada ni uzamili. Nikaandika hivyo, kadi zikapigwa chapa Bwera na kusambazwa.

Dada alipoisoma alicheka, halafu akanyamaza. "Mdogo wangu," akasema, "niliondoka hapa na cheti cha kidato cha sita. Hii ni digrii yangu ya kwanza. Huo uzamili niliupata lini?"

Swali hilo ndilo tunalopaswa kuliuliza pia kuhusu Nyerere. Alisoma Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, akatoka na diploma ya ualimu. Makerere ya wakati ule ilikuwa haijaanza kutoa digrii. Njia hiyo ilifunguka mwaka 1949, chuo kilipounganishwa na Chuo Kikuu cha London, na mwaka huohuo Nyerere akaenda Edinburgh. Kabla ya hapo alikuwa akifundisha shule ya Mtakatifu Maria huko Tabora. Basi, kama alichopata Edinburgh ni uzamili, shahada yake ya kwanza iko wapi? Mwandishi yeyote wa wasifu wake angejiuliza hivyo, kosa lingeonekana mara moja. Lakini tunafasiri neno kwa kulitazama sura, hatuulizi linatumika vipi kule linakotoka.

Jibu lenyewe si gumu. Katika vyuo vikongwe vya Uskoti, yaani St Andrews, Glasgow, Aberdeen na Edinburgh, M.A. ndiyo shahada ya kwanza ya masomo ya sanaa. Jina hilo limebaki tangu enzi za kale, na halikubadilishwa hata pale vyuo vingine vilipozoea kuiita shahada ya kwanza B.A. Ile ya kawaida huchukua miaka mitatu na ile ya heshima minne. Nyerere alisoma miaka mitatu akapata ile ya kawaida. Dada yangu alisoma minne. Wote wawili waliingia kama wanafunzi wa shahada ya kwanza na kutoka na shahada ya kwanza.

Msomaji anaweza kusema kwamba huku ni kutafuta makosa madogo. Sikubaliani naye, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba neno "uzamili" linaficha aina ya elimu aliyoipata Nyerere. Mtu wa uzamili tunamwelewa kuwa amechagua jambo moja na kulichimba. M.A. ya kawaida ya Edinburgh ilikuwa kinyume chake: ilimlazimu mwanafunzi atandaze masomo. Nyerere alisoma uchumi, historia, falsafa ya maadili, anthropolojia ya jamii, sheria ya katiba na fasihi ya Kiingereza. Tukishajua hivyo, hatushangai tena kwamba mtu mmoja aliweza kuongoza chama cha siasa, kuandika juu ya ujamaa, na kumfasiri Shakespeare kwa Kiswahili. Tukiandika uzamili, tunamfanya mtaalamu wa fani moja aliyebahatika kujua na nyingine. Shahada yenyewe ndiyo iliyokuwa pana.

Na hapo kuna jambo linalonichoma mimi kama mwanafunzi wa tafsiri. Nyerere mwenyewe hakufasiri kwa sura ya neno. Mwaka 1969 alitoa Mabepari wa Venisi, tamthilia ambayo kwa Kiingereza jina lake lina mfanyabiashara mmoja tu. Angeweza kuandika "Mfanyabiashara wa Venisi" na asingelaumiwa na mtu. Alichagua bepari, neno lililoingia Kiswahili kutoka lugha za Kihindi likiwa na maana ya mchuuzi au mfanyabiashara, lakini ambalo miaka miwili baada ya Azimio la Arusha lilikuwa tusi la kisiasa. Tena akalitia wingi, kana kwamba anamwambia msomaji asimtazame Shylock peke yake, awatazame na wenzake. Unaweza kuupinga uchaguzi huo, na wapo waliouona umeivuta tamthilia upande mmoja. Mimi mwenyewe naona wingi ule unamnyima Antonio nafasi yake. Hata hivyo huwezi kusema kwamba mfasiri hakujua neno lake linafanya kazi gani kwa watu watakaolisoma.

Tena hakuona haya kujisahihisha. Tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 aliitoa upya baada ya kuipitia, na safari hii iliitwa Juliasi Kaizari. Alikuwa rais, kitabu kimekwisha kuchapishwa na kusifiwa, lakini alirudi akagusa hata jina lililokuwa juu ya jalada. Sisi tunaoandika habari zake tunanakiliana "uzamili" mwaka hadi mwaka bila kurudi.

Sababu ya pili naijua kwa uchungu. Kadi moja niliyoandika ilifika mikononi mwa mkurugenzi wa shule binafsi katika wilaya yetu. Wakamwita dada na kumpa nafasi ya mkuu wa idara, kwa mshahara wa mwalimu mwenye uzamili. Dada akawaeleza M.A. yake ni nini. Wakamjibu kwamba karatasi inasema Master, wao watatangaza Master, na hakuna mzazi atakayeuliza zaidi. Walichotaka ni yeye anyamaze tu. Akakataa. Nafasi ikapunguzwa ikawa ya mwalimu wa kawaida, na muhula ulipoanza haikuwepo tena.

Baba mdogo alimlaumu dada. "Mwanangu, karatasi imekupa, wewe unaikatalia!" Baba hakumlaumu dada, alinilaumu mimi. Alisema katika biashara ya kahawa mtu akiandika kilo sabini juu ya gunia la kilo sitini, hata kama aliyeandika ni karani na hakujua, mwenye gunia ndiye anayeitwa mwizi sokoni. Nilikuwa nimemwandikia dada yangu gunia lisilo lake, na yeye ndiye aliyelazimika kusimama mbele ya watu kulikana.

Wapo watakaosema kwamba kuandika "shahada ya kwanza" ni kumshusha Mwalimu. Naona ndivyo tunavyomheshimu sawasawa. Mwaka 1949 alikuwa na umri wa miaka 27, tayari ni mwalimu, na kwao anahesabiwa msomi. Alikubali kuanza mwanzo pamoja na vijana waliotoka shule juzi. Vijana wa Kisinga wanaoambiwa kila siku kwamba bila masta hawatasikilizwa wangefaidika kujua kwamba mtu aliyeongoza Tanganyika hadi uhuru alifanya hivyo akiwa na diploma ya Makerere na shahada moja. Tunapompandisha cheo tunawanyima habari hiyo.

Napendekeza tuandike hivi: "Alipata shahada ya kwanza ya sanaa, ambayo vyuo vikongwe vya Uskoti huiita M.A." Sentensi ni ndefu kuliko "alipata uzamili", lakini ni ya kweli, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuielewa. Wale wanaotumia "umahiri" badala ya "uzamili" nao wajue kwamba kosa ni lilelile, maana tatizo liko katika ngazi ya shahada.

Kadi nilizobaki nazo zilikuwa kumi na saba. Nilikata mstari juu ya neno lile katika kila moja, nikaandika sahihi kwa kalamu. Siku ya sherehe dada alinitaka nisimame niwaambie wageni wa Kasindi na Beni kwamba kadi walizopewa zina kosa, na kosa ni langu. Nilifanya hivyo. Mzee mmoja wa Beni akauliza: kama ni digrii ya kwanza, je, ng'ombe aliyechinjwa atarudishwa? Watu wakacheka, chakula kikaletwa. Kadi zile nyingine mia na themanini na tatu bado ziko huko nje, na siwezi kuzisahihisha. Vitabu vinaweza kusahihishwa.